Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi: ni kitu gani hasa kilimfanya awe mwongozaji wa filamu wa aina yake?

#1 Mzee wa Makole

Wakuu, salaam. Naleta mada kuhusu mwongozaji wa filamu ambaye sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kumjadili zaidi kuliko tunavyofanya.

Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi tarehe 10 Januari 1960 katika familia ya Makalasinga wenye asili ya Punjab, na alipokuwa na umri wa takriban miaka miwili wazazi wake walihamia Southall, magharibi mwa London. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki huku kwetu. Alipofika Uingereza na kutafuta kazi, alikataliwa kwa sababu ya kilemba na ndevu zake, hata mwishowe familia ikalazimika kufungua duka ili ipate riziki. Dai langu ni kwamba kazi yote ya mama huyu imesimama juu ya mlango ule aliofungiwa baba yake.

Chukueni Bend It Like Beckham ya mwaka 2002. Wengi wanaikumbuka kwa msichana Jess anayecheza mpira kwa kificho, lakini kwangu mimi ile ni filamu ya baba. Mzee Bhamra, aliyeigizwa na Anupam Kher, anasimulia kwamba alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa kriketi na timu yake ilitwaa kombe la Afrika Mashariki. Alipohamia Uingereza, Wazungu wa klabu walikicheka kilemba chake na kumfukuza, naye akauacha mchezo moja kwa moja. Akimzuia bintiye, anamzuia kwa kuwa hataki yamfike yaliyomfika yeye. Miaka 17 baadaye, katika Blinded by the Light, anarudi baba mwingine, Mpakistani wa Luton anayeachishwa kazi katika kiwanda cha magari mwaka 1987, na ambaye haoni mwanawe atakula nini kwa kuandika mashairi. Mtu harudii jambo moja kwa miaka yote hiyo kama halijamkaa moyoni.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti, karibu.

#2 Zabibu za Hombolo

Ahsante, Mzee wangu. Bila shaka hawa ni miongoni mwa Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin, na uchungu huo ndio unaoonekana katika filamu zake. Kuna nyingine yake niliyoitazama zamani, ya familia ya Kihindi iliyotoka Kampala ikahamia Mississippi, na baba wa humo naye amebeba uchungu wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo naunga mkono hoja #1.

#3 Mwanahistoria wa Ng'ong'ona

Mkuu #2, tuweke sawa mambo mawili kabla uzi haujaenda mbali.

Kwanza, Amin alitoa amri yake Agosti 1972 na kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Familia ya Chadha ilitoka Kenya miaka kumi hivi kabla ya hapo, hata kabla Kenya haijapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wala haikufukuzwa na mtu. Pili, filamu unayoisema ni Mississippi Masala ya mwaka 1991, na aliyeiongoza ni Mira Nair, mzaliwa wa Rourkela nchini India, ambaye baadaye alianzisha Kampala chuo cha kuwanoa watengenezaji filamu kiitwacho Maisha. Ni waongozaji wawili tofauti, ingawa nakubali kwamba wanagusana katika mengi.

Nalisisitiza hili kwa sababu linaathiri hoja ya Mzee wa Makole. Waliofukuzwa na Amin walifika Uingereza wakiwa na kisa ambacho dunia nzima ilikisikia redioni. Waliotoka Kenya mapema walikwenda kama watu waliojichagulia safari, wengi wakiwa na elimu ya Kiingereza na imani kwamba Himaya waliyoitumikia ingewatambua. Mtu wa aina hiyo akikataliwa kazi hana wa kumlaumu hadharani. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku chache tu sheria ya kuwazuia Waasia wa Kenya waliokuwa wakizidi kuingia, ingawa walikuwa na pasi za Uingereza. Ndipo wale waliotangulia walipojua kwamba hata wao hawakuwa wametakiwa. Baba wa Chadha aliishi Southall katika miaka hiyo. Kwa hiyo uchungu upo, lakini ni wa namna nyingine, nao ndio hasa unaoeleza ukimya wa Mzee Bhamra.

#4 Binti wa Kondoa

Salaam kwenu nyote. Nimesoma #3 nikaona niseme, kwa kuwa jambo hili lipo nyumbani kwetu.

Babu yangu alikuwa na duka la nguo na vyakula Kondoa mjini. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, nyumba ya nduguye iliyokuwa Dodoma mjini ikaingia kwa Msajili wa Majumba, na baada ya hapo baba zangu wadogo wawili waliondoka kwenda Leicester. Mmoja alikuwa mhasibu. Kule alipata kazi ya kupanga maboksi kiwandani na hakurudi kwenye vitabu vya hesabu hadi alipostaafu. Akija likizo, tukimuuliza habari za kazi, anatuuliza sisi habari za mvua. Kwa hiyo Mzee Bhamra nilimtambua mara moja nilipomwona.

Hata hivyo sikubaliani na #1 kwamba baba ndiye ufunguo. Aliyeamka alfajiri Leicester kufungua duka dogo la pembeni, akajifunza kugombana na wenye mizigo kwa Kiingereza na kuwalea watoto wanne, ni mke wake. Angalieni filamu ndefu ya kwanza ya Chadha, Bhaji on the Beach ya mwaka 1993. Ni kundi la wanawake wa Birmingham wanaokwenda Blackpool kwa siku moja: mwenye kukimbia kipigo cha mumewe, mama wa dukani aliyechoka, mabibi wa kusengenya, wasichana wa shule. Wanaume wamo pembeni. Kisha angalieni What's Cooking? ya mwaka 2000, familia nne za Los Angeles na majiko manne siku ya sikukuu ya Shukrani. Mtu ambaye kila kitu chake kimetoka kwa baba hawezi kuanza safari yake namna hiyo.

#5 Fundi Projekta

Wakuu, naona mnatafuta mbali kitu kilicho karibu. Mimi nilikuwa nikiendesha mashine katika jumba la sinema hapa mjini enzi hizo, kabla ya video. Filamu za Kihindi ndizo zilizojaza ukumbi, nao watazamaji hawakuwa Wahindi peke yao. Wagogo, Warangi, Waarabu, watu wa reli, wote walilia mama alipotenganishwa na mwanawe na wote walipiga makofi harusi ilipofika. Baadaye mikanda ikaja kwenye vibanda, na akina Lufufu wakatafsiri kwa sauti zao, watu wakaendelea kulia palepale.

Sasa tazameni umbo la Bend It Like Beckham. Fainali ya mpira na harusi ya dada yake Jess zinaangukia siku moja, na mwongozaji anazisuka pamoja, ngoma ya harusi ikipanda huku mpira ukipigwa. Hiyo ni sinema ya Bombay iliyovaa jezi. Mwaka 2004 akaamua kutojificha kabisa, akamchukua Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza wa zamani, akampeleka Amritsar nchini India pamoja na mwigizaji Aishwarya Rai, nyimbo na dansi zikiwemo, akaiita Bride and Prejudice. Baba ana sehemu yake na mama ana sehemu yake, lakini ufundi wa kuwafanya watu wacheke na kulia katika onyesho lilelile aliupata kwenye filamu hizo za Kihindi.

#6 Kijana wa Area C

Heshima kwenu wazee. Mimi nasomea utayarishaji wa vipindi, na naona kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni fedha.

Wakimbizi na wahamiaji wenye kisa cha baba, mama na harusi walikuwa maelfu Uingereza. Kwa nini akawa yeye? Chadha alisoma masomo ya maendeleo Chuo Kikuu cha East Anglia, akafanya kazi ya uandishi wa habari BBC, na alipotaka kutengeneza filamu yake ya kwanza, ile ya nusu saa iitwayo I'm British But..., alikuta taasisi ya filamu ya nchi hiyo ina mpango wa kuwagharamia waongozaji wapya. Channel 4, iliyoanza kurusha matangazo Novemba 1982, ilikuwa imeagizwa na sheria kuhudumia watazamaji ambao vituo vingine viliwasahau, na ndiyo iliyotia fedha katika Bhaji on the Beach. Hata Bend It Like Beckham ilipata fedha za umma zilizotokana na bahati nasibu ya taifa, pamoja na fungu la mji wa Hamburg nchini Ujerumani, ndiyo maana timu ya akina Jess inasafiri kucheza huko. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya pauni milioni 11 katika majumba ya sinema ya Uingereza peke yake. Fedha ya umma ilizaa.

Hapa kwetu Bodi ya Filamu ipo kwa sheria ya mwaka 1976, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii. Lakini mkopo ni deni, na mwongozaji wa kwanza hana cha kuweka dhamana. Nasema kwa uchungu kwa sababu hapa Dodoma ninawafahamu vijana wenye miswada mizuri iliyolala kwenye simu.

#7 Mtoto wa Mpwapwa, Slough

Hodi humu. Nimezaliwa Mpwapwa na sasa ni miaka mingi ninaishi Slough, umbali mfupi kutoka Southall, na gurudwara kubwa ya huko, yaani hekalu la Makalasinga, naifahamu. Mkuu #6 ameuliza swali zuri, kwa nini awe yeye, lakini jibu lake linaanzia mwaka 1982. Inafaa kurudi nyuma kidogo.

Juni 1976 kijana wa Kikalasinga, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa kwa kuchomwa kisu Southall na vijana wa Kizungu, na vijana wa pale wakaunda umoja wao kwa sababu waliona wazee wao wameinamisha vichwa kupita kiasi. Tarehe 23 Aprili 1979 chama cha kibaguzi cha National Front kilifanya mkutano katika ukumbi wa mji wa Southall, wakazi wakajitokeza kupinga, polisi wakaingia kwa nguvu, na mwalimu Blair Peach, mzaliwa wa New Zealand, akauawa. Chadha alikuwa na umri wa miaka 16 tukio la kwanza lilipotokea na miaka 19 la pili. Hapakuwa na kijana wa Southall ambaye hayo hayakumbadilisha.

Channel 4 yenyewe haikuwakumbuka Waasia na Weusi kwa huruma. Baada ya ghasia za Brixton, Southall na kwingineko mwaka 1981, wenye madaraka walijua kwamba watu hawa wakikosa kusikilizwa kwenye luninga watasikika barabarani. Fedha anazozisifu Mkuu #6 zilinunuliwa na vijana wale.

#8 Mzee wa Makole

Nashukuru kwa michango. Mtoto wa Mpwapwa, umenielimisha, ingawa naona hata wewe umerudi kwa baba bila kutaka: vijana wale uliosema waliinuka kwa sababu baba zao walikuwa wameinamisha vichwa. Kijana wa Area C, miswada iliyolala kwenye simu iamshe basi, tuletee angalau mmoja humu tuusome.

Binti wa Kondoa, hoja yako ya wanawake ni nzito na bado ninaitafakari. Nikuulize jambo moja: katika Bend It Like Beckham, anayetoa ruhusa ya mwisho Jess aende kucheza fainali ni nani? Ni baba. Mwongozaji angeweza kumpa mama nafasi hiyo, lakini hakumpa.

#9 Mwalimu wa Chang'ombe

Ruhusa anaitoa baba, Mzee wangu, lakini kizuizi kilikuwa mama. Mama Bhamra ndiye anayetaka Jess ajue kupika mlo kamili wa Kipunjabi, ndiye anayeona aibu ya miguu wazi mbele ya watu.

Ninafundisha wasichana mpira katika shule moja hapa mjini, na ninaowafuata nyumbani kuwaombea ruhusa wacheze ni mama na shangazi zaidi kuliko baba. Baba wengi husema tu, muulize mama yake. Nilikuwa na beki mmoja mwenye mguu wa kushoto wa ajabu, mtoto wa familia iliyohamia Dodoma kutoka Kigoma. Mama yake aliniambia kwamba wao ni wageni hapa, na mgeni hatakiwi kusemwasemwa. Sikuwa na jibu. Yule mama hakuogopa mpira. Aliogopa majirani ambao hakuwa na ukoo wa kumtetea mbele yao. Filamu ile inalijua jambo hilo vizuri sana, kwa sababu harusi ya dada yake Jess inavunjika kwanza kwa uvumi wa watu tu. Wasichana wetu wameiona Baobab Queens ya hapahapa Dodoma ikicheza ligi kuu, na kazi yangu ya kubisha hodi imekuwa nyepesi kiasi.

Tena ukumbukeni mguu wa Jess. Mwigizaji Parminder Nagra ana kovu halisi la kuungua mguuni, na mwongozaji, badala ya kulificha, akaliandikia onyesho ndani ya hadithi. Nikiulizwa kipaji chake kiko wapi, nitataja hilo kabla ya fedha na siasa.

#10 Mwanahistoria wa Ng'ong'ona

Mwalimu, umesema vyema kuhusu ugeni. Lakini sisi ambao tuko upande huu wa bahari tuna wajibu wa kuuliza swali ambalo watazamaji wa London hawaulizi. Katika Nairobi ya Mzee Bhamra, ile ya vijana wanaotwaa kombe la kriketi, Mwafrika yuko wapi?

Himaya iliwapanga watu kwa ngazi: Mzungu juu, Muasia katikati, Mwafrika chini, kila mmoja na shule yake, hospitali yake na klabu yake. Reli ya Uganda ilijengwa kati ya 1896 na 1901 kwa vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India, na maelfu yao walikufa au kulemaa. Jasho lao silidharau. Reli yetu ya Kati nayo, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ilifuatwa na maduka ya Wahindi katika kila stesheni kubwa, Dodoma ikiwemo. Lakini aliyekuwa katikati huona vizuri zaidi mlango wa juu uliomfungia kuliko ule wa chini alioufunga yeye. Mzee Bhamra anaukumbuka mlango wa klabu ya Waingereza, na filamu haimuulizi ni nani aliyeachwa nje ya klabu yake ya Nairobi. Chadha aliondoka mtoto mdogo, kwa hiyo Nairobi yake ni ile aliyosimuliwa mezani. Hapa Mira Nair alithubutu zaidi, maana Mississippi Masala inaukabili uso kwa uso uhusiano wa Muhindi na mtu mweusi.

#11 Binti wa Kondoa

Swali la #10 ni la haki, na katika familia yetu tumelikwepa mno. Lakini si kweli kwamba Chadha hakuligusa kabisa. Katika Bhaji on the Beach, binti Hashida, ambaye wazazi wanamtarajia awe daktari, ana mimba ya Oliver, kijana mweusi, na siri hiyo inapofichuka wale mama wa heshima wanasema maneno mabaya ambayo mwongozaji hakuyapunguza makali. Hiyo ilikuwa miaka miwili tu baada ya filamu ya Nair. Haki nyingine ni ya Meera Syal, aliyeiandika filamu hiyo, na jina lake lisisahauliwe tunapomsifu mwongozaji.

Kuhusu mezani, naomba niongeze. Mwaka 2017 alitoa Viceroy's House, juu ya kugawanywa kwa India mwaka 1947, na mwishoni mwake anaeleza habari za familia yake. Bibi yake alikimbia na watoto kutoka upande uliokuwa Pakistani, mtoto mchanga akafa kwa njaa, na babu, aliyekuwa Kenya wakati huo, alisafiri kuwatafuta hadi akawapata kambini. Kwa hiyo kabla baba hajakataliwa kazi London, tayari palikuwa na mama aliyemzika mtoto njiani. Hapo ndipo ninapotaka Mzee wa Makole apafikirie.

#12 Zabibu za Hombolo

Nimefurahi kujifunza. Je, ni kweli kwamba filamu ile ya mpira ilionyeshwa hata Korea Kaskazini?

#13 Fundi Projekta

Ni kweli, Mkuu. Desemba 2010 televisheni ya Korea Kaskazini iliirusha, ingawa ilikuwa imekatwakatwa. Nami ninayeliamini umbo la filamu kuliko siasa nasema hiyo ni hoja yangu tena: binti, mpira, harusi na baba anayelegea moyo havihitaji mtu awe amesikia habari za Southall.

#14 Kijana wa Area C

Mzee wangu Fundi, umbo hilohilo lilimponza pia. Viceroy's House ilipotoka, mwandishi wa Pakistani, Fatima Bhutto, aliishambulia hadharani kwamba inawapendelea Waingereza na kuwatwika Waislamu lawama, naye Chadha akajibu kwa maandishi kuitetea. Mimi niliitazama nikaona tatizo liko kwenye namna ya kusimulia. Mapenzi ya wawili na ngazi za jumba la kifahari zinatosha kubeba msiba wa familia moja, lakini msiba wa mamilioni ya watu unazielemea. Miaka miwili baadaye alirudi kwenye nyumba ndogo ya Luton, na Blinded by the Light ikauzwa kwenye tamasha la Sundance kwa dola milioni 15. Akiwa ndani ya nyumba ndogo ana nguvu kuliko akiwa ikulu.

Mzee wa Makole, mswada nitauleta, nikishapata ruhusa ya mwenzangu tuliyeuandika pamoja.

#15 Mtoto wa Mpwapwa, Slough

Kabla hatujaendelea na Luton, nashauri wote tuanze na I'm British But..., maana wengi humu wameitaja au kuipita bila kuitazama. Ndani yake vijana wa Kiasia kutoka England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wanazungumza wenyewe, kila mmoja kwa lafudhi ya alikokulia, muziki wa bhangra ukipigwa. Hakuna baba aliyefungiwa mlango, wala mama wa dukani, wala harusi. Ikiwa yote mliyoyasema ndiyo chanzo chake, Mzee wa Makole na Binti wa Kondoa mtueleze kwa nini katika kazi ya kwanza kabisa aliwaacha wazazi nje na kuwapa kipaza sauti vijana. Mwanahistoria naye atazame wale wa Ireland ya Kaskazini, kwa sababu huko suala la nani ni Mwingereza lilikuwa likiua watu mwaka uleule aliokuwa akirekodi.